Data zilizounganishwa: Pemba ipi ni ipi?

MtunzaPicha
Habarini wadau. Natunza picha na ramani za zamani za pwani yetu, na neno "Pemba" limenivuruga. Kuna kisiwa cha Pemba, Zanzibar, na kuna mji wa Pemba kule Cabo Delgado, Msumbiji, ambao picha za enzi za Wareno zinauita Porto Amélia. Nikitafuta "Pemba", kisiwa na mji vinakuja pamoja, na picha za Porto Amélia hazionekani kabisa. Data zilizounganishwa zinasaidiaje hapo?

Fundi_Data
Zinasaidia sana. Acha kutegemea jina. Kila kitu kinapewa anwani yake ya wavuti, halafu maelezo yanakuwa sentensi fupi za sehemu tatu: picha hii, inaonyesha, mji ule. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, aliweka kanuni nne za data zilizounganishwa mwaka 2006, na ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote: unganisha na data za wengine.

BintiMaktaba
Anzia Wikidata, hazina huria ya data mtandaoni inayokipa kila kitu namba yake; ipo tangu 2012. Tanzania huko ni Q924, iwe umetafuta kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiarabu. Ongeza safu moja ya namba hizo kwenye jedwali la picha zako. Tafadhali usifute maandishi ya nyuma ya picha, huo ni ushahidi!

MtunzaPicha
Asanteni. Na picha isiyojulikana ni Pemba ipi?

BintiMaktaba
Safu ya namba iache wazi, ndugu yangu. Ukikisia, kosa litahamia kwa kila atakayechukua data zako.