MJADALA: UAB wana nia ya dhati na timu yao ya futiboli, au wanasubiri tuchoke?

Mzee wa Southside (mleta mada)

Wakuu, habari za wikiendi. Najua humu ndani wengi mkisikia mpira mnawaza Simba na Yanga. Sisi tulioangukia Alabama tumekuta dini nyingine: futiboli ya Kimarekani, tena ya vyuo vikuu, inayojaza viwanja huku Kusini kila Jumamosi ya msimu. Timu yangu ni UAB, Chuo Kikuu cha Alabama cha Birmingham. Msikichanganye na kile cha Tuscaloosa chenye mataji. Hiki chetu kinajulikana kwa hospitali na utafiti wa tiba, na ndicho mwajiri mkubwa kuliko wote jimboni.

Tarehe 2 Desemba 2014, siku chache tu baada ya timu kumaliza msimu na ushindi 6 na vipigo 6, rais wa chuo, Ray Watts, alitangaza kuifuta. Hakuna chuo cha daraja la juu kilichokuwa kimefanya hivyo tangu Pacific ya California mwaka 1995. Hoja ilikuwa fedha: washauri walioajiriwa na chuo walisema zingehitajika dola milioni 49 za ziada ndani ya miaka 5 ili timu ishindane. Yakazuka maandamano, Januari 2015 baraza la wahadhiri likapiga kura ya kutokuwa na imani na rais, watu wenye uwezo mjini wakaahidi zaidi ya dola milioni 17, na tarehe 1 Juni 2015 rais huyo huyo akatangaza kuirudisha. Ilirejea uwanjani 2017.

Tangu hapo tumepata uwanja mpya (2021) na tumepanda konferensi, yaani lile kundi la vyuo vinavyoshindania taji moja (2023). Kisha chuo kikamwajiri Trent Dilfer, aliyechukua Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, enzi zake za uchezaji lakini ukocha wake wote ulikuwa wa sekondari. Akashinda mechi 9 kati ya 30 kabla hajafukuzwa Oktoba 2025. Na kuanzia Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo.

Swali langu: chuo kinaitaka timu hii, au kiliirudisha shingo upande? Msimamo wangu nitautoa baadaye. Karibuni.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo Mzee. Naomba nitofautiane na swali lenyewe. Kwani nani alisema chuo cha tiba kinapaswa kuwa na nia ya dhati na futiboli? Wakati ule wa 2014 idara ya michezo ilikuwa ikitumia kama dola milioni 30 kwa mwaka, na karibu theluthi mbili zilitoka kwenye ruzuku ya chuo na ada za wanafunzi. Binti anayesomea uuguzi, anayefanya kibarua usiku na kulala kwa saa nne tu, asiyejua hata mpira ule unashikwaje, naye anachangia. Mngemwuliza yeye angejibu nini?

Na hatujafika kwenye vichwa. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha uchunguzi wa bongo za wachezaji waliofariki. Kati ya 53 walioishia kucheza ngazi ya chuo, 48 zilikuwa na ule ugonjwa wa ubongo unaoletwa na vishindo vya kichwa. Tunao madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu upande mmoja wa barabara, na upande wa pili tunawatuma vijana wa miaka 19 wakagongane. Tuchague moja.

Mhasibu Mstaafu

Nesi, kuhusu vichwa sina ubishi mkubwa, ila uwaambie wasomaji kwamba zile bongo zilitolewa na familia zilizokuwa tayari na wasiwasi. Hazikuokotwa kwa bahati nasibu. Hofu ni ya kweli, lakini 48 kwa 53 si kipimo cha wachezaji wote.

Kuhusu hesabu, hapo sikubali, na naomba mnivumilie kidogo maana hapa ndipo watu wengi wanapopigwa changa la macho.

Chuo kinapompa mchezaji ufadhili wa masomo, vitabu vinaonyesha idara ya michezo imelipa ada yake yote, malazi na chakula. Imemlipa nani? Chuo. Fedha hiyo haijatoka getini. Imehama mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Kilichotumika kweli ni gharama ya kumwongeza kijana mmoja kwenye darasa ambalo lilikuwa na viti, na hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na ada iliyoandikwa. Kwa mchezaji wa kutoka nje ya jimbo inaandikwa ada kubwa zaidi, ingawa mwalimu ni yule yule na kiti ni kile kile. Sasa zidisha kwa nafasi 85 za ufadhili ambazo timu ya daraja la juu iliruhusiwa wakati ule. Unapata "hasara" ya mamilioni ambayo ukiifuta timu haigeuki kuwa fedha mkononi. Viti vinabaki vitupu, basi.

Ndiyo maana mwaka 2015 wachumi wengine walipopitia vitabu vile vile, walisema futiboli, boling na shabaha ya bunduki (michezo mitatu iliyofutwa siku moja) kwa pamoja vilikuwa vinajiendesha, au hata kubakisha kidogo. Ripoti mbili, daftari moja, majibu mawili. Kwa hiyo mtu akikwambia timu inakula fedha, mwulize kwanza amehesabu ufadhili kwa bei ya dukani au kwa gharama halisi. Akianza kukohoa, umeshampata.

Simaanishi timu ni bure. Mishahara ya makocha, ndege, madaktari na kodi ya uwanja ni fedha taslimu, na sasa umeongezeka mzigo wa kuwalipa wachezaji. Huo nao ni fedha taslimu, hauna mfuko wa kushoto wala wa kulia. Mwaka 2014 ubishi ulikuwa juu ya namna ya kuhesabu. Safari hii kuna bili ya kweli mezani.

Kijana wa Ensley

Wazee wangu mnazunguka mbuyu. Tatizo ni Bodi!

UAB haina bodi yake. Bodi ya Wadhamini ni moja, inatawala Tuscaloosa, Birmingham na Huntsville. Mwaka 2011 UAB ilikuwa na mpango wa kujenga uwanja wake chuoni, watu 30,000. Viongozi wa Bodi walikataa hata kuuweka kwenye ajenda. Na mmoja wa wajumbe wenye nguvu miaka hiyo alikuwa Paul Bryant Jr., mtoto wa Bear Bryant, kocha ambaye Tuscaloosa wanamwona kama nabii. Unganisheni wenyewe. Wanaogopa mdogo asije akakua.

Halafu vijana wenyewe wanapigana. Wiki ile ile Dilfer alipofukuzwa, kocha wa muda Alex Mortensen alikutana na Memphis iliyokuwa kwenye orodha ya timu 25 bora nchini, akaichapa 31 kwa 24. Mnataka ushahidi gani tena kwamba hii timu inaweza?

Mhasibu Mstaafu

Kijana, taratibu. La uwanja liko kwenye kumbukumbu. Hilo la hila za Bryant ni shaka ya mashabiki, na Watts mwenyewe alisema uamuzi wa kufuta ulikuwa wake. Shaka inaweza kuwa na msingi lakini isigeuzwe hukumu.

Mama Nyanza wa Atlanta

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Migori, na haya nimeyaona kwetu. SoNy Sugar ilikuwa timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, iliwahi hata kuchukua ubingwa wa Kenya. Kiwanda kilipoyumba timu ikakosa hata nauli, ikashindwa kufika mechi tatu, na mwaka 2019 ikaondolewa kwenye ligi. Hakuna mtu aliyeitisha mkutano wa kuifuta. Timu ya taasisi hufa hivyo, nauli kwanza.

Kwa hiyo mimi siogopi tangazo kama la 2014. Naogopa kocha wa bei nafuu, mpishi mmoja badala ya watatu, vijana wazuri wakichukuliwa kila msimu ukiisha na vyuo vyenye fedha.

Nauliza kitu ambacho kinaweza kuwaudhi: kwa nini msishuke daraja kwa heshima? Chuo Kikuu cha Idaho kilishuka 2018 kwa hiari yake, cha kwanza kufanya hivyo, kikarudi kucheza na majirani zake wa konferensi ya Big Sky. Timu ipo, watu wanaenda uwanjani, hakuna aliyekufa.

Kijana wa Ensley

Kushuka?! Mama, kwa heshima zote, Idaho iko kwenye mji mdogo wa mashambani. Birmingham ni jiji. Chuo cha Vanderbilt walikaa miaka nenda rudi wakichekwa kwenye konferensi ya SEC, wakatangaza mwaka 2021 mpango wa dola milioni 300 wa kujenga michezo yao, na Oktoba 2024 wakaifunga Alabama ya Tuscaloosa iliyokuwa namba moja nchini, 40 kwa 35. Watu wakang'oa magoli wakayatupa mto Cumberland. Nia ni hiyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Vanderbilt ni chuo binafsi chenye hazina ya mabilioni, na kiko SEC, konferensi inayogawa zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka kwa kila mwanachama. UAB yuko kwenye konferensi ya American, ambako mgao wa televisheni ni sehemu ndogo tu ya hizo. Usilinganishe mwenye duka na mwenye meza.

Na niwaulize mashabiki, maana mnakiuliza chuo tu. Siku timu iliporudi, Septemba 2017, dhidi ya Alabama A&M, waliingia watu 45,212 kwenye uwanja wa zamani wa Legion Field, rekodi ya UAB. Uwanja mpya wa Protective una nafasi 47,100. Jumamosi za Dilfer mlikuwa wapi? Nimepita pale nikitoka zamu, viti vinahesabika. Nia ya dhati inadaiwa pande zote mbili.

Mzee wa Southside (mleta mada)

Nesi umenigusa, na sina jibu zuri. Mashabiki wa UAB wengi Jumamosi hiyo hiyo wanaangalia Tuscaloosa kwenye televisheni. Mjini hapa mtu anakuwa na timu mbili, na ya pili ndiyo yetu. Nitaongeza moja tu: walioitwa kuokoa timu 2015 waliahidi fedha wakazitoa, na Bill Clark, kocha aliyekubali kukaa miaka miwili bila mechi hata moja akijenga kikosi, akawalipa kwa ubingwa wa Conference USA, konferensi yetu ya wakati ule, 2018 na 2020. Baada ya hapo mashabiki wangesikilizwa angalau kwenye kuchagua mrithi. Clark alipostaafu 2022 kwa matatizo ya mgongo, wachezaji waliomba hadharani kwamba kaimu wake, Bryant Vincent, apewe timu. Alikuwa ameshinda mechi 6. Hawakusikilizwa. Wakaletewa Dilfer.

Sasa msimamo wangu. Mimi sipimi nia ya chuo kwa mechi zilizoshindwa, wala kwa uwanja mpya. Uwanja ule si wa chuo: ni wa mamlaka ya kumbi za mikutano ya Birmingham, umejengwa kwa nguvu za jiji na kaunti pia, UAB ni mpangaji. Mpangaji anaweza kufunga virago. Nia naipima kwa kuangalia nani anaweza kuifuta timu, na lazima amwambie nani kwanza. Mwaka 2014 hapakuwa na kura ya wazi ya Bodi. Wachezaji waliitwa chumbani na rais, wakaambiwa imekwisha. Kijana mmoja aliyekuwa askari jeshini kabla ya kuja chuo alisimama akamjibu rais mbele ya kamera, na video ile ikazunguka nchi nzima. Kanuni zilizoruhusu siku ile itokee, sijasikia kwamba zimeguswa. Tumeongezewa majengo, mlango wa nyuma uko wazi vile vile.

Kwa hiyo ninachotaka ni viwili. Kwanza, uamuzi wowote wa kufuta au kushusha timu upite kwenye kura ya wazi ya Bodi, baada ya taarifa ya miezi kadhaa. Pili, chuo kiseme hadharani kitawalipa wachezaji kiasi gani. Konferensi yetu ilikubaliana kila chuo, ukiondoa vya kijeshi, kitoe angalau dola milioni 10 za ziada kwa wachezaji ndani ya miaka 3. Hicho ni kima cha chini. UAB wanatoa kima cha chini au zaidi? Hapo nitajua wananichukulia vipi. Mama Nyanza, wakisema mbele ya watu kwamba hawawezi, nitakusikiliza habari ya Idaho. Kushushwa kimya kimya sitaki.

Mama Nyanza wa Atlanta

Hilo la kura nakubali. Nauli bado naiogopa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Na hiyo milioni 10 itoke wapi? Ikitoka kwa wafadhili, mimi nanyamaza kuhusu fedha, nabaki na vichwa. Ikiongezwa kwenye ada za wanafunzi, mtanikuta langoni na bango.

Mhasibu Mstaafu

Haki yako. Na kuna pa kuanzia. UAB ni chuo cha umma, na kila mwaka kinajaza taarifa ya fedha za michezo kwa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Mwananchi wa Alabama anaweza kuiomba. Mkiipata, msianzie kwenye jumla ya chini, itawadanganya kwa sababu niliyoeleza ya ufadhili. Tafuteni mistari mitatu: ada za wanafunzi, msaada wa moja kwa moja wa chuo, na michango. Linganisheni msimu wa mwisho wa Clark na ule wa kwanza wa malipo. Kama michango imeshuka na ada imepanda, Nesi ana kesi. Kama msaada wa chuo umeganda pale pale wakati bili imekua, Mzee ana kesi. Kijana wa Ensley, wewe unaishi jimboni. Barua iandike wewe, mimi nitakusaidia kuisoma.

Kijana wa Ensley

Sawa mzee. Nitumie anwani ya ofisi. Lakini la Bodi sijalifuta.