Nafanya mazingaombwe Mtwara, watu wameanza kuniita mchawi. Nijiite nani?

Kijana wa Mikindani
Habari wakuu, naombeni ushauri wa maana. Mimi nafanya mazingaombwe kwenye sherehe za watoto na mashuleni, sarafu inapotea, kitambaa kinabadilika rangi, ni wepesi wa vidole tu. Sasa juzi hapa Mikindani nimetoa sarafu ya mia mbili nyuma ya sikio la katoto ka kike, kakacheka mpaka kakakaa chini, mama yake akaja akakavuta mkono, akakakagua sikio mara mbili alafu akasema kwa sauti huyu mchawi. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Usiku sikulala, nchi hii bibi zetu wameuawa kisa macho mekundu. Nataka kuchapisha bango, jamaa yangu anasema niandike mnajimu, ni sawa?

Bi Korosho
Pole sana kaka angu. Mnajimu usithubutu, huyo ni wa nyota, najm kwa Kiarabu ni nyota, utaletewa watu wanataka kujua wataolewa lini. Mpiga ramli ndo kabisaa, 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi. Andika kiini macho.

Abuu Nachingwea
Dada hapo sikubaliani. Wachawi wa Firauni kwenye Surat Al-A'raf waliyazuga macho ya watu, na bado ni sihiri, kwahiyo ukiandika kiini macho kuna shekhe atakuuliza. Mazingaombwe watu washayazoea tangu shule ya msingi, baki nalo.

Mtumishi Masasi
Hata kwenye Biblia, wale mamajusi wa Mathayo 2 na yule Bar-Yesu mchawi wa Matendo 13, Kigiriki ni neno moja, magos. Wale waliomletea mtoto Yesu zawadi wakapewa jina zuri, yule akapewa baya.

Mzee wa Kilwa
Wajukuu, sisi Wamatumbi Kinjekitile aliyetoa maji ya dawa kwenye Majimaji ya 1905 tunamwita mganga, Mjerumani akaona mchawi akamnyonga. Kijana usingoje uitwe, jiite mwenyewe mapema. Na hata kwa utani usiseme una uchawi, ile Sheria ya Uchawi ya 1928 bado ipo na kujitangaza una nguvu hizo ni kosa. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya shoo.

Bi Korosho
Mzee shikamoo, umesema kweli. Na tapeli au ayari pia asikubali kuitwa, tapeli anakula hela ya mtu, ayari anakulaghai kwa werevu wake, huyu anasema kabisa jamani huu ni mchezo.

Kijana wa Mikindani
Mzee shikamoo, asanteni wote. Bango litaandikwa MICHEZO YA MAZINGAOMBWE, WEPESI WA MIKONO. Kwa mwenyekiti naenda kesho, na Jumamosi naenda kwa yule mama na shangazi yangu, nimkalie karibu nimwonyeshe taratibu sarafu inapokaa, hapa kwenye mkunjo chini ya kidole gumba, alafu nimpe na yeye ajaribu.