Sheria ndogo ya kelele kijijini kwetu, tuiandikeje isije ikatugawa?

Mama Wawili (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo ya waliopitia hili kabla hatujaharibu. Nipo kijijini huku Muheza, Tanga. Zamani kelele zetu zilikuwa mashine ya kusaga mchana na ngoma ikitokea shughuli, basi. Umeme wa REA ulipofika kila mtu na sabufa yake, baa ikafunguliwa njia panda, na vigodoro, zile ngoma za spika za kukesha tulizokuwa tunazisikia za mjini, navyo vikaja.

Jumamosi iliyopita kigodoro kilianza saa 3 usiku kikaisha alfajiri, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama mkwe wangu ana presha, nikamkuta amekaa kitandani akaniambia mwanangu huu ukuta unanisukuma. Nikaweka mkono ukutani, kweli unatetemeka, na juu kwenye bati misumari inalia kila bezi likipiga. Saa 7 nikaenda kwa mwenyekiti, na yeye nikamkuta macho. Akanijibu, mama, nikienda kuzima shughuli ya mtu usiku huu kesho kijiji kizima kitasema nina husuda na harusi ya mwenzangu. Nikarudi.

Sasa halmashauri ya kijiji imetaka iwepo sheria ndogo, na mimi nimewekwa kwenye kamati ya watu watano ya kuandika rasimu. Tuliyonayo ni mstari mmoja: "kelele zote marufuku kuanzia saa 4 usiku, faini 50,000". Hata haijasomwa mkutanoni ugomvi umeshaanza. Wa kanisani wanauliza mkesha je, wa msikitini wanauliza adhana ya alfajiri je, mwenye baa anasema ana leseni hatumwezi. Mkutano mkuu ni wiki tatu zijazo. Ninyi kwenu mmefanyaje?

Mtendaji Mstaafu

Pole mama. Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi, hebu nianze na hiyo rasimu maana ndo itawaangusha. "Kelele zote" haifai. Jogoo ni kelele, mtoto mgonjwa ni kelele, msiba ukiangukia saa 8 usiku watu wakilia nayo ni kelele. Mtu wa kwanza mtakayemkamata atawauliza hilo na hamtakuwa na jibu. Andikeni kitu chenyewe: mziki wa spika, kipaza sauti cha nje, jenereta, mashine.

Pili msijione mnaanza kutoka hewani. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na chini yake kuna kanuni za kelele na mitetemo za 2015. Kwa makazi ya watu kiwango ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 50 mchana na 35 usiku, na mchana wao unaishia saa 4 usiku. Pale penye makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani ni 55 mchana na 45 usiku. Kwahiyo mwenye baa akikwambia ana leseni, leseni yake ni ya kuuza vileo, haimpi ruhusa ya kuvuka hapo. Mwaka 2023 NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, walifungia mabaa kadhaa kwa sababu hiyo hiyo ya kelele, na yalikuwa na leseni.

Tatu, utaratibu. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya 1982. Halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unajadili, halafu inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Wengi wanaishia mkutanoni, watu wanapiga makofi, muhtasari unafungiwa kabatini, kisha wanaanza kutoza faini. Hapo sheria bado haijazaliwa! Mwenye kesi akienda mbele anashinda. Mfuatilie mpaka mrudi na nakala yenye muhuri.

Mkulima wa Mpunga

Mimi nakwambia kilichotukuta sisi, nipo Kilombero. Tuliweka faini, tukafurahi. Mwezi wa kwanza watu wakaogopa, mwezi wa pili mwenye baa akaja mapema mchana kwa mtendaji kabisa kabla ya mziki, akalipa, akaondoka, usiku akapiga mpaka asubuhi na mgambo walipokwenda akawaonyesha kwamba ameshalipa. Yani faini iligeuka kibali. Na kwa yeye ni pesa ndogo, kreti chache za bia imerudi, wakati yule bibi aliyeandaa ngoma ya mjukuu wake anauza kuku kulipa hiyo hiyo. Iliniuma sana ile.

Tukabadilisha. Sheria sasa haimshiki mwenye shughuli, inamshika mwenye mziki, yule anayekodisha spika. Kwetu wako watatu tu na wote tunawajua. Kabla ya shughuli anasaini kwa mtendaji daftari lenye jina, tarehe na saa ya kuzima. Akizidisha mara ya kwanza mixa na amplifaya vinalala ofisi ya kijiji mpaka Jumatatu, mara ya pili mwezi mzima hapigi kijijini. Mwenye mziki ndo mwenye kuumia kwasababu Jumapili ana kazi nyingine ya kupiga. Tangu hapo ikifika saa 5 utamsikia mwenyewe anatangaza wimbo wa mwisho, hakuna mgambo wala mwenyekiti anayekwenda kugombana na baba wa bi harusi. Ila hilo la kuzuia vyombo liandikwe ndani ya sheria yenyewe, msichukue kitu cha mtu kwa mdomo tu, na akikabidhi apewe karatasi.

Dogo wa Mixa

Mimi ni mwenye mziki na nimesoma yote. Naomba na sisi tusikilizwe. Hii ndo kazi inayonilisha mimi na mdogo wangu anayesoma, na vijana wa kijijini hawana kingine cha kufanya wikiendi. Mkituwekea saa 4 kavu kila siku mnatuua, harusi zetu zenyewe bi harusi anafika saa 3.

Lakini kuna vitu vya ufundi wengi hawavijui. Kinachowatoa watu usingizini ni bezi. Sauti ya mwimbaji ukigeuza spika upande mwingine inapungua, bezi halina mgongo, linazunguka nyumba na kupita ukutani. Kwahiyo kule kusema "geuzeni spika" kunasaidia nusu tu. Mimi ikifika saa 4 nashusha sabufa karibu yote naacha sauti nyembamba za juu, watu wanacheza vizuri tu na mtu wa nyumba ya tano analala. Na umbali ni dawa, uwanjani wazi ukiongeza umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, toka mita 20 nenda 40, toka 40 nenda 80. Shughuli ikihamishiwa uwanja wa mpira badala ya katikati ya nyumba mmeshapona kwa kiasi kikubwa. Usiku pia sauti inasafiri zaidi kwasababu hewa ya chini inapoa kuliko ya juu, inairudisha sauti chini, ndo maana mziki wa kijiji cha jirani unausikia usiku na mchana huusikii. Muite mwenye mziki wa kwenu kwenye kamati, msimuandikie sheria akiwa hayupo.

Binti wa Kilifi

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku kwetu shida ilikuwa disko matanga, mnajua, watu wanapiga disko usiku kwenye msiba ili kuchanga pesa ya mazishi, na wasichana wadogo wanaharibikiwa huko. Zimepigwa marufuku zaidi ya mara moja na bado zikawa zinarudi. Naona sababu ni kwamba familia ilikuwa inahitaji ile pesa kweli, ukizima disko hujawapa njia nyingine ya kuzika. Kwahiyo dadangu angalia kila kelele inafanya kazi gani kwa mwenye nayo kabla hujaiandikia saa. Na saa zenyewe si amri ya mbinguni, kanuni zetu Kenya za 2009 usiku unaanza saa 2, zenu saa 4.

Kuhusu msikiti na kanisa, msiweke kifungu kinachotaja dini. Adhana ni dakika chache. Mkesha ni usiku mzima, lakini mkesha hauhitaji spika ya nje, walio ndani wanasikia. Nenda kwa imamu na mchungaji nyumbani kwao, mmoja mmoja, kabla ya mkutano. Ukiwauliza mbele ya watu kila mmoja atalazimika kusimama na waumini wake.

Mama Wawili

Nimesoma mara mbili mbili, ahsanteni sana. Wewe Dogo wa Mixa nisamehe, kweli mwenye mziki wa kwetu hatukumuita, na anakaa karibu kabisa na ofisi ya kijiji. "Kelele zote" naifuta leo. Saa nitapendekeza saa 4 siku za kazi, saa 6 Ijumaa na Jumamosi kwa shughuli iliyosainiwa kwenye daftari na ipigwe uwanjani, sabufa ishushwe saa 4.

Mtendaji Mstaafu

Hiyo saa 6 angalia, kanuni za nchi bado ziko juu yenu, kijiji hakiwezi kuruhusu kilichokatazwa. Uwanja ukiwa mbali na nyumba na bezi likashushwa sauti itapungua sana, lakini huenda bado ikazidi kiwango, kwahiyo kwenye rasimu andikeni wazi kwamba kusaini daftari hakumpi mtu ruhusa ya kuvuka viwango vya 2015. Wilaya wataitafuta hiyo sentensi.

Mama Wawili

Nimeiongeza. Mwenyekiti amekubali, kesho baada ya magharibi tunaanza kwa imamu, keshokutwa mchungaji, halafu kwa mwenye mziki. Mama mkwe anasema na yeye anakuja kwa huyo wa mziki, anataka akae naye amwambie mwenyewe ukuta ulivyokuwa unamsukuma. Nitaleta mrejesho.