Ian Wright na wale ndugu waliounda ndege ni ukoo mmoja?

mtoto_wa_bandarini
Wakuu habari za jioni. Jana nilikuwa naangalia magoli ya zamani ya Ian Wright wa Arsenal, dogo langu la darasa la 6 likaniuliza kaka huyu ni ukoo mmoja na wale kina Wright wa ndege? Nikakosa jibu. Maana huyu mweusi, wazazi wake Wajamaika, wale wazungu wa Marekani, halafu kuna Frank Lloyd Wright yule msanifu majengo. Jina moja limewafikiaje wote hao?

kizimkazi77
Mkuu hilo jina halikuanzia kwa babu mmoja, ni jina la kazi. Wright kwa Kiingereza cha kale ni fundi, hasa wa mbao, na hiyo W haitamkwi, unasema Raiti tu. Zamani kule Uingereza kila sehemu ilikuwa na mafundi wake, majina ya ukoo yalipoanza kurithiwa John fundi akawa John Wright na watoto hivyo hivyo, ndo maana wako kibao na hawajuani. Cartwright ni fundi mikokoteni, Arkwright fundi masanduku. Hata Arsenal yenyewe 1962 hadi 1966 kocha alikuwa Billy Wright, mchezaji wa kwanza duniani kufikisha mechi 100 za timu ya taifa, na hana uhusiano na Ian.

BintiSalme
Hapo kwa Wajamaika tusipite haraka jamani. Watu walichukuliwa Afrika wakavuliwa majina yao, wakabandikwa ya Kiingereza, mara nyingi ya wenye mashamba, na utumwa ulipoisha kule 1838 wengi wakabaki nayo. Marekani hali kadhalika, mwandishi Richard Wright kazaliwa Mississippi 1908 na babu zake walizaliwa utumwani. Mimi huwa naumia sana, jina la babu wa mtu limefutika na hana hata pa kwenda kuuliza.

fundi_wa_tatu
Kweli dada. Na Orville na Wilbur walikuwa mafundi hasa, walikuwa na duka la baiskeli Dayton, Ohio, ndege yao ya 17 Desemba 1903 mapangaboi yalizungushwa kwa minyororo kama ya baiskeli, safari ya kwanza sekunde 12, mita kama 37 tu. Sisi kwetu ni hivyo hivyo, babu alikuwa anaunda mashua, namkumbuka kachuchumaa anashindilia kalafati kwenye maungio ya mbao halafu anapaka sifa, mji mzima unamwita Fundi, baba alipoandikishwa shule mwalimu akaandika Fundi na mpaka leo liko kwenye kitambulisho changu.

mtoto_wa_bandarini
Dah asanteni sana, nimemsomea dogo yote. Anauliza sifa ndo nini?

fundi_wa_tatu
Mafuta ya papa mdogo wangu. Yananuka balaa ila maji hayapiti.