Majirani Makorora: Nani anafungua upepo wa baiskeli?

*Jumamosi*

Mama Zuhura: Majirani, habari za asubuhi. Nasema kwa upole kabla sijasema kwa ukali. Baiskeli ya Hamza inalala na upepo, inaamka tairi la nyuma limekaa chini kama chapati. Wanaofungua valvu usiku wanajijua.

Mama Saidi: Wanaojijua ndio nani? Maana inaegeshwa kwenye baraza yangu.

Mama Zuhura: Sijataja jina la mtu.

Mama Saidi: Hujataja, umelenga. Saidi wangu saa mbili usiku keshalala.

Bi Mwanaisha: Jamani mswalieni Mtume.

Babu Kombo: Hamza, jana saa nne usiku tairi lilikuwaje?

Hamza: Shikamoo babu. Lilikuwa limelegea kidogo tu. Alfajiri ndiyo nikakuta limekwisha kabisa.

Babu Kombo: Marahaba. Mtoto akifungua valvu upepo unatoka wote papo hapo, fyuu. Huyu anayeiba kidogo kidogo usiku kucha si mtoto, mtoto hana subira hiyo.

Mama Saidi: 👏🏾👏🏾👏🏾

Mama Zuhura: Babu kwa heshima zako, fundi keshatia viraka mpaka tyubu haionekani. Kila mara anasema ni mbigili.

Babu Kombo: Alikuonyesha huo mwiba?

Mama Zuhura: Hapana.

Babu Kombo: Basi amesema tu. Hamza, leo iingize ndani ulale nayo chumbani. Jaza upepo uwe mgumu. Halafu tema mate kidoleni, upake kwenye mdomo wa valvu. Hiyo ni Phoenix, valvu yake ina kimpira chembamba kinachovikwa juu ya chuma. Kikipasuka au kikilegea, mate yanafanya povu.

Juma Boda: Nani ana koleo ya kuazima? Nimeuliza tangu jana.

Hamza: Nimepaka babu. Hakuna povu.

Babu Kombo: Basi valvu ni nzima. Tusubiri asubuhi.

Mwl. Neema: Lakini Babu, si mpira wowote hupitisha upepo? Yangu nikiiacha likizo yote naikuta imelegea.

Babu Kombo: Unapitisha, mwalimu. Ila huo ni upungufu wa wiki na wiki. Tairi likilala gumu na kuamka chini, pana tundu.

*Jumapili*

Hamza: Limekwisha tena. Na mlango nilifunga kwa komeo.

Mama Saidi: Saidi anapita chini ya mlango sasa 🤷🏾‍♀️

Mama Zuhura: Sawa, nimesikia.

Babu Kombo: Hamza, kabla hujalitoa tairi, tia alama ya chaki kwenye tairi hapo hapo valvu inapotokea. Na ukumbuke upande gani wa tyubu ulikuwa kulia, upande wa mnyororo. Mafundi wengi wa haraka hawafanyi hivi, ndiyo maana wanaziba tundu na kukiacha kitu kilichotoboa.

Hamza: Nifungue kwa bisbisi?

Babu Kombo: Usithubutu! Utaongeza tundu jingine. Tumia mpini wa kijiko, ule wa duara.

Bi Mwanaisha: Vijiko vyangu vilivyopotea sasa najua vilikokwenda.

Hamza: Nimetoa. Nimeijaza, nimeiweka kwenye beseni. Mapovu yako kila mahali babu, hasa kwenye viraka.

Babu Kombo: Hayo ni ya upepo uliong'ang'ania juu ya mpira na pembeni ya viraka. Futa kwa kidole. Yakirudi palepale ndipo penye kazi. Usiwe na haraka, tundu dogo hutoa povu moja, linakaa, halafu jingine. Na ongeza upepo kidogo, tyubu ivimbe kuliko inavyokuwa ndani ya tairi, lakini usipitilize.

Hamza: [picha]

Hamza: Nimeona! Limerudi palepale. Dogo kama ncha ya sindano. Karibu na kiraka cha zamani lakini si penyewe.

Babu Kombo: Usiniambie ukubwa. Niambie limetazama wapi. Barabarani, au kwenye spoki?

Hamza: Ngoja... kwenye spoki. Upande wa ndani.

Babu Kombo: Na viraka vingine?

Hamza: Eh! Karibu vyote viko upande huo huo.

Babu Kombo: Basi mbigili imesingiziwa. Mwiba, msumari au ule uzi wa chuma unaotoka kwenye matairi ya malori huingilia upande wa barabarani. Matundu mawili yanayotazamana, hapo tyubu imebanwa na rimu, umepita shimoni na upepo mdogo. Ila hili linatoka kwenye rimu yenyewe. Pima kutoka kwenye valvu hadi kwenye tundu, upime vivyo hivyo kwenye rimu.

Mwl. Neema: Ndiyo kazi ya ile alama ya chaki. Safi sana hii.

Hamza: [picha] Babu, ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki ndani ya rimu umesogea pembeni. Chini yake spoki moja imechomoza kwenye kichwa chake, inakwaruza kidole.

Mama Zuhura: Hiyo spoki si ndiyo aliyoikaza yule fundi mwezi wa Ramadhani?

Babu Kombo: Inaelekea ndiyo. Akikaza sana kuinyoosha rimu, ncha inapenya. Ukijaza, upepo unaisukuma tyubu juu yake. Na ncha ikikaa kwenye tundu inaliziba nusu, ndiyo maana upepo unatoka taratibu.

Hamza: Nifanyeje?

Babu Kombo: Ipige ncha tupa mpaka kidole kisihisi kitu. Mkanda huo umekwisha, kata mwingine kwenye tyubu chakavu, ufunike vichwa vyote. Ndipo uzibe. Sugua kwa msasa hadi mng'ao wa mpira uondoke, paka solushoni nyembamba, subiri ikauke isishike kidole, halafu kiraka, ugandamize. Watu wanabandika ikiwa mbichi, jua la Tanga likiwaka kiraka kinabanduka.

Mama Zuhura: Mama Saidi, uko?

Mama Saidi: Nipo, nasoma.

Mama Zuhura: Nisamehe jirani. Saidi apite achukue vitumbua.

Mama Saidi: Yuko njiani, hajasubiri hata nimalize kusoma 😂

*Jumatatu*

Hamza: Limeamka gumu!

Juma Boda: Babu, na la mbele la baiskeli yangu linapungua. Tundu nimelipata mguuni kabisa mwa valvu.

Babu Kombo: Hapo hapazibiki, kiraka hakishiki pindoni. Nunua tyubu mpya. Na usiendeshe na upepo mdogo, tyubu inateleza ndani ya tairi inavuta valvu. Valvu ikianza kuinama, toa upepo uiweke sawa.

Juma Boda: Haya. Koleo je?