Mjadala: Asilimia za vinasaba zina haki gani ya kutaja asili yetu?

Mkazi wa Magomeni: Ndugu zangu, kaka yangu aliye ughaibuni alitema mate kichupani, akayapeleka maabara, na vinasaba vyake vilipolinganishwa na vya mifupa ya watu wa kale, akaambiwa kuwa asilimia 19 ya asili yake ni Uajemi. Dada yetu wa tumbo moja amepata 16. Je, hesabu hizi ni za kuaminika? Mimi naziamini, kwa sababu wazee wetu wa Kilwa walisema tangu zamani kuwa sisi ni Washirazi, yaani watu waliotoka Shirazi, mji wa Uajemi, na utafiti wa mwaka 2023, uliopima mifupa ya watu kama mia mbili wa pwani, umewaunga mkono. Ukoo ulikuja na baba. Mama zetu walikuwa wenyeji tu walioolewa hapa.

Mwalimu wa Baiolojia, Ubungo: Watu wale walikuwa 80, si mia mbili, nao waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Kuhusu ndugu zako, hakuna ajabu: kila mtoto hupokea nusu ya vinasaba vya kila mzazi, lakini si nusu ileile. Jambo zito ni namna asilimia zinavyopatikana. Programu hupewa makundi kadhaa ya watu wa kale, kisha hutafuta mchanganyiko wa makundi hayo unaokaribiana zaidi na vinasaba vyako, na jumla lazima ifike mia. Ukiliondoa kundi la Uajemi, sehemu yake haipotei, bali huhamia kwa kundi linalofanana nalo, pengine la Arabuni. Kwa hiyo 19 ni jibu la swali moja: kati ya hawa waliowekwa mezani, unafanana na nani? Na upande wetu wa meza una viti vingi vitupu, kwa kuwa joto na unyevu huharibu vinasaba mifupani, hata wachunguzi hupendelea kutoboa ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani ili wapate kidogo kilichosalia.

Binti wa Kilwa Kivinje: Mwalimu ameeleza vizuri, lakini mimi nimechomwa na neno "tu". Utafiti huohuo unasema kuwa vinasaba vile ambavyo mama pekee hurithisha vilikuwa, kwa sehemu kubwa kabisa, vya Kiafrika, na kwamba wengi wa watu wale walipata zaidi ya nusu ya asili yao kwa Waafrika, hasa wanawake. Mgeni alikuja na neno bandari, lakini mtoto wake alihesabu moja, mbili, tatu kwa lugha ya mama yake, na ndiyo lugha tunayobishana kwayo hapa.

Mkazi wa Magomeni: Usinisingizie kumdharau mama, dada yangu. Nimetaja ukoo, na ukoo kwetu hufuata baba. Tarikhi ya Kilwa inasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo na mwana wa sultani wa Shirazi. Hilo nalo unalikana?

Mzee wa Buguruni: Mimi Mzaramo nauliza: aliyeuza alikuwa nani, kama mji haukuwa na mwenyewe? Wakati wa ukoloni tuliambiwa kuwa majengo yale ya mawe hayakuweza kuwa kazi ya Mwafrika, na leo wajukuu zetu wanalipa dola ili waambiwe yaleyale. Inaniuma sana.

Mwalimu wa Baiolojia, Ubungo: Shikamoo, mzee wangu. Vinasaba havisemi hivyo. Mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000, na uchimbaji unaonyesha kuwa Kilwa ilikuwa na wakazi kabla ya hapo. Tena mstari wa baba anaouenzi ndugu yetu ni uzi mmoja: ukirudi vizazi kumi, mti wako una nafasi 1,024 za wahenga, na uzi huo unapita kwa mmoja wao.

Binti wa Kilwa Kivinje: Daftari la ukoo lililoko nyumbani kwetu limeandikwa kwa hati za Kiarabu, baba kumi na mmoja mfululizo, bila jina la mama hata mmoja. Kabla hajafariki, bibi alinitajia mama zake watano kwa mpangilio, huku anakuna nazi, na alipokosea aliacha mbuzi akaanza upya. Nimewaandika nyuma ya daftari hilohilo. Kaka wa Magomeni, wa tatu alizaliwa Kilwa Kisiwani. Waulize wazee wako kama wanamjua.