Skåne iliamuliwa wapi: kwenye barafu ya Lund 1676 au mezani kwa mfalme wa Ufaransa?

mpenda_ramani:
Wakuu habari za jioni. Naleta mada ambayo imenikaa kichwani muda mrefu, naomba tuijadili kwa hoja. Ukiangalia ramani ya kaskazini mwa Ulaya, kile kipande cha kusini kabisa mwa Uswidi kinaitwa Skåne, kipo pua na mdomo na Copenhagen, na kwa karne nyingi kilikuwa Denmark kabisa, tena enzi za Ukatoliki askofu mkuu wa Denmark alikaa hapo hapo Lund. Leo ni Uswidi na hakuna anayebisha. Nani aliamua? Mimi nasema iliamuliwa siku moja, tarehe 4 Desemba 1676, kwenye mashamba ya kaskazini mwa mji wa Lund.

Kwa ambao hawajafuatilia: mwaka 1658 mfalme Karl X Gustav wa Uswidi alivusha jeshi juu ya bahari iliyoganda akaitokea Denmark kwa mlango wa nyuma, Wadenmark wakasalimu amri na kwenye mkataba wa Roskilde wakaachia Skåne, Blekinge na Halland. Kidonda hicho hakikupona. Mwaka 1675 Waswidi walipochapwa na Brandenburg, dola ya Wajerumani, kule Fehrbellin, Christian V wa Denmark akaona wakati ndio huu. Juni 1676 manowari kubwa ya Waswidi, Kronan, ikalipuka na kuzama karibu na kisiwa cha Öland na watu kama 800 ndani yake, bahari ikabaki ya Denmark, mwisho wa mwezi huo huo Wadenmark wakashuka karibu na Helsingborg, ndani ya Skåne, na wananchi wengi wakawapokea kama ndugu. Ndani ya wiki chache Waswidi wamebakiwa na mji wa Malmö tu.

Sasa fikiria hali ya Karl XI, mfalme wa Uswidi wakati huo, kijana wa miaka 21, kaingia Skåne na jeshi lake kipupwe kimeanza, magonjwa yanapukutisha askari kila siku, adui yuko ng'ambo ya mto Lödde anamtazama. Usiku wa kuamkia tarehe 4 (kwa kalenda ya zamani waliyotumia wote wawili) mto ukaganda vizuri, Waswidi wakavuka na farasi wao kabla hakujapambazuka wakitaka kuwavamia Wadenmark kambini wakiwa usingizini. Wakashtukiwa. Pande zote mbili zikaanza kukimbilia Lund, kuwahi kile kilima cha juu ya mji, na hapo ndipo walipogongana. Waswidi kama 8,000, Wadenmark kama 13,000 pamoja na mabaharia wa Kiholanzi. Jua huko mwezi wa Desemba linazama saa tisa na nusu alasiri, na lilipozama siku hiyo karibu watu 9,000 walikuwa wameshakufa. Karibu nusu ya wote waliofika pale! Wadenmark hawakupata tena nafasi kama ile.

afande_mstaafu:
Mkuu umeeleza vizuri ila nakupinga kwenye hilo la "siku moja". Kwanza tuitazame yenyewe kijeshi. Mfalme Karl alikuwa bawa la kulia, akalivunja bawa la kushoto la Denmark, jenerali wao Carl von Arensdorff akajeruhiwa, Christian V mwenyewe akaondoka uwanjani akakimbilia ngome ya Landskrona, halafu Karl akafukuza wanaokimbia mpaka mtoni ambako barafu ilivunjika na wengi wakazama. Sawa, ushujaa. Lakini ametumia masaa mangapi huko? Nyuma yake kaacha jeshi la katikati na bawa la kushoto chini ya mzee Simon Grundel-Helmfelt, wamezidiwa idadi, wanasukumwa kuelekea mji, kiongozi wao mkuu hajulikani aliko. Yule mzee ndiye aliyeshikilia. Kama safu yake ingekatika saa sita mchana tungekuwa tunaongea mengine kabisa. Karl karudi alasiri, kapasua katikati ya Wadenmark na wapanda farasi wachache ili awafikie watu wake, na wale wake kumwona tu wakapata nguvu mpya.

Pili, baada ya Lund vita haikuisha. Landskrona ilibaki mikononi mwa Denmark, Kristianstad ilisalimu amri Agosti 1678 tena kwa njaa, na baharini ndio kabisa, Julai 1677 Niels Juel, amiri wa Denmark, aliwapiga Waswidi kwenye ghuba ya Køge. Wadenmark walirudi na jeshi jingine mwaka huo huo, wakajaribu kuuvamia Malmö wakashindwa, wakapigwa tena Landskrona. Pigano lililoamua haliachi miaka mitatu ya vita nyuma yake.

kijana_wa_mwanza:
Samahanini wakuu, huyo mfalme wa Ufaransa anaingiaje hapo? Sioni uhusiano.

mwl_historia:
Anaingia mdogo wangu, tena kwa mlango mkubwa. Uswidi ilikuwa mshirika wa Louis XIV na ilikuwa inakula fedha zake, ndiyo iliyoiingiza kwenye vita na Brandenburg tangu mwanzo. Mwaka 1679 Louis alishamaliza vita vyake na Waholanzi, akataka mshirika wake asitoke mikono mitupu. Akapeleka jeshi mpaka Oldenburg, eneo la mfalme wa Denmark huko Ujerumani, kisha mkataba ukasainiwa Fontainebleau kati ya Ufaransa na Denmark, kila kitu kirudi kwa Uswidi. Yaani Karl XI aliamuliwa mambo yake bila hata kuulizwa, na alikasirika sana kwa hilo. Mkataba wa Lund wa Septemba mwaka huo ulikuja kuthibitisha tu.

Na hapa ndipo hoja ya mleta mada inapoanguka. Tazama Pomerania, eneo la Uswidi huko Ujerumani, ng'ambo ya bahari ya Baltiki. Kule Waswidi hawakushinda Lund yoyote. Walipoteza mji wa Stettin 1677, wakapoteza mji wa Stralsund 1678, Brandenburg ikachukua yote. Je walirudishiwa? Karibu yote! Na Louis huyo huyo, mwaka huo huo 1679. Sasa kama waliposhindwa walirudishiwa na waliposhinda walirudishiwa, hayo mapigano yameamua nini? Watu 9,000 walikufa kwa jambo lililokuja kumalizwa na makarani.

dada_wa_malmo:
Kaka zangu mimi naishi huku Malmö mwaka wa kumi na ngapi sasa, treni ya kwenda Copenhagen inavuka daraja la Öresund naipanda kwenda kazini, kwa hiyo mnachoongea nakiona. Ila mnaongea wafalme tu, wenye nchi mbona hawatajwi? Wakulima wa Skåne walichukua upande. Julai 1676 kule Loshult walivamia msafara wa fedha za jeshi la Uswidi wakaondoka na sanduku kwa sanduku. Waswidi waliwaita snapphanar, kwao hilo ni jina la majambazi wa msituni, wengine Denmark iliwapa vyeo na kuwaita wapiganaji wake rasmi, lakini wakishikwa hakukuwa na tofauti, walitundikwa kwenye vigingi wakiwa hai. Aprili 1678 Karl XI alitoa amri kuhusu tarafa ya Örkened, nyumba zote zichomwe na kila mwanaume anayeweza kubeba silaha auawe. Huyo ndiye mfalme mnayemsifu kwa kupasua safu.

Na mkataba wa Roskilde, kifungu cha tisa, uliahidi watu wa huku watabaki na sheria zao na haki zao za zamani. Kilifuata nini? Mwaka 1681 makanisa yakaingizwa kwenye ibada ya Kiswidi, watoto wakafundishwa kusoma kwa vitabu vya Kiswidi, chuo kikuu cha Lund kilichokuwa kimefungwa sababu ya vita kikafunguliwa tena 1682 kutengeneza wachungaji wa kuhubiri Kiswidi. Kwa mimi Skåne iliamuliwa hapo, kwenye mabenchi ya kanisa, na kwa hofu ya vile vigingi. Nendeni Lund mkaone mnara uliojengwa 1883, maandishi yake yanasema waliopigana na kumwaga damu pale ni watu wa shina moja, na waliousimamisha ni wazao waliopatana. Hao wa shina moja nani aliwauliza wanataka mfalme yupi?

mpenda_ramani:
Dada hapo umenena na sitakupinga hata neno, Örkened ni jinai na hakuna ushindi unaoisafisha. Ila swali langu ni nini kiliwezesha hayo yote, sio nani alikuwa mwema.

Mwalimu, hoja yako ya Pomerania ni nzito, nimeifikiria. Lakini angalia jeshi la Ufaransa lilikuwa linafika wapi. Brandenburg ilikuwa na ardhi magharibi ambayo Wafaransa waliweza kuikalia kwa miguu, ndio maana ilibanwa ikaachia. Skåne iko ng'ambo ya maji na maji yalikuwa ya Niels Juel. Louis angeweza kuichoma Oldenburg yote, asingeweza kumtoa hata askari mmoja wa Denmark ndani ya Malmö. Kama Waswidi wangefutika pale Lund, Malmö ingeanguka baada ya wiki chache, wananchi wako upande wa Denmark, bahari ya Denmark, hapo Christian V angekaa mezani akiwa ameshika nchi nzima na sio ngome mbili tatu. Kwenye meza unadai ulichokalia. Na jambo jingine, Pomerania waliyorudishiwa bure haikudumu, Stettin ilienda Prussia (ndiyo Brandenburg ile ile) 1720, iliyobaki ikaenda 1815. Skåne haikutoka tena.

Afande na wewe, ndio vita iliendelea, lakini baada ya Lund Wadenmark walikuwa wanalinda ngome, wale askari wao wazoefu walilala pale kwenye theluji na hawakupatikana wengine wa aina ile.

mwl_historia:
Haikutoka kwa sababu gani? Denmark ilijaribu tena. Mwisho wa 1709 jeshi la Uswidi limeshamalizwa na Warusi kule Poltava, Wadenmark wakashuka Skåne kama zamani. Safari hii wanavijiji hawakuinuka kama walivyoinuka 1676. Magnus Stenbock, jenerali wa Uswidi, akakusanya jeshi, wengi wakiwa wageni wa vita, akawapiga Helsingborg 1710 mpaka Wadenmark wakachinja farasi zao wenyewe ili zisiachiwe adui, wakapanda meli. Kilichobadilika kati ya 1676 na 1710 ni watu, na watu hawakubadilishwa na panga la siku moja. Dada wa Malmö yuko karibu na ukweli kuliko sisi wote.

mpenda_ramani:
Nakubali watu walibadilika mwalimu. Ila hiyo ilihitaji miaka thelathini ya utulivu chini ya bendera moja, wachungaji wapya wafundishwe, watoto wakue wakizungumza Kiswidi, wazee wanaokumbuka Copenhagen wafe. Miaka hiyo thelathini Uswidi iliipataje? Nirudi pale pale kwa afande, kwa mzee Helmfelt na safu yake saa sita mchana. Ikikatika ile, hiyo ibada ya Kiswidi ya 1681 inasomwa wapi?